Kidonge Ndani ya Uji

Mume wangu alilazwa Jumanne, na ilipofika Ijumaa nilikuwa nimeshaamua kwamba wale watu wa hospitali wananificha kitu.

Sikufika hapo kwa kukurupuka. Nilifundisha Kifaransa katika shule za sekondari za Bukavu mpaka nilipostaafu, na kazi ile humfunza mtu kutoamini haraka. Mwanafunzi aliyeniletea insha isiyo na kosa hata moja sikumpongeza. Nilimwita mbele nikamwuliza maana ya neno alilotumia katika mstari wa tatu. Mara nyingi hakuijua. Mume wangu ni mtu wa namna nyingine. Alikuwa karani wa serikali, mpole, mwenye kutia sahihi pale anapoonyeshwa. Kama angekuwa na pumzi wakati ule, angewashukuru wauguzi mmoja mmoja na kumeza kila alichopewa. Kwa hiyo niliona kazi ya kushuku ni yangu.

Alikuwa na ugonjwa wa moyo kwa miaka minne. Moyo wake ulipiga bila mpango, mara mbio, mara kwa kusita, na daktari mmoja wa Katana, mzee mwenye sauti ndogo, ndiye aliyempa kidonge kidogo cheupe cha kila asubuhi. Alipokuwa akieleza, aliniangalia mimi, si yeye. "Maman," aliniambia, "hii kidonge asikose hata siku moja. Unasikia? Hata siku moja." Nilisikia. Kwa miaka minne nilimpa kwa mkono wangu, kabla ya chai, nyumbani kwetu Nguba. Nilikinunua katika farmasi ndogo karibu na soko, ambako hawakupi pakiti nzima usipoidai. Muuzaji anakata kwa mkasi vidonge unavyotaka, anakutilia ndani ya kipande cha gazeti. Mimi nilivihamishia katika kopo dogo lililokaa ndani ya mkoba wangu. Nyumbani tulikiita "ya moyo", basi. Kwenye vipande vile nilizoea kuona herufi kubwa, CARDI, zilizobaki baada ya mkasi kupita. Najua cardi ni habari ya moyo. Nikatosheka.

Jumanne ile aliamka miguu imevimba mpaka viatu vikakataa, na kila neno alilosema lilikatwa na pumzi. Pale hospitali walimwona, wakamwekea oksijeni, wakampeleka moja kwa moja katika chumba cha wagonjwa mahututi, ambacho Bukavu nzima inakiita réa. Daktari kijana aliniuliza huku akiandika, "Nyumbani anakunywa dawa gani?"

"Ya moyo," nikasema.

"Ya moyo," akarudia, akaandika, akageuka kwa mgonjwa. Kopo lilikuwa ndani ya mkoba, mkoba ulikuwa mkononi mwangu. Hakuniomba nimwonyeshe, nami sikufikiria kulitoa. Nilikuwa nahesabu pumzi za mume wangu.

Réa ile ilikuwa na vitanda sita na mlango wa kioo. Unaacha viatu nje, unavaa ndara za plastiki, unanawa mikono mpaka viwiko. Ndugu mmoja tu wa mgonjwa aliruhusiwa kuingia, asubuhi na saa sita mchana, kumwosha na kumlisha. Ndugu huyo nilikuwa mimi. Miguuni pa kila kitanda ilining'inia karatasi ya dawa, nao waliiita fishi. Tangu siku ya kwanza nilinakili fishi ya mume wangu katika daftari la mistari, kila dawa na saa yake. Muuguzi mmoja aliniona akacheka. "Maman mwalimu, uko natusahihisha?" Nikamwambia ndiyo. Alidhani ni utani.

Jumatano fishi ilikuwa na dawa tisa. Alhamisi tisa. Ijumaa asubuhi zikawa tano.

Siku hiyo nilifika mapema, nikakuta mlango wa kioo haujafungwa sawasawa, na ndani wamesimama kandokando ya kitanda chetu daktari mkuu wa chumba, muuguzi, na mwanamke mmoja ambaye sikuwa nimemwona. Alikuwa kijana, labda miaka thelathini, mwembamba, koti jeupe limemzidi mabega. Alikuwa anaweka kidole juu ya mstari mmoja wa fishi, anauliza kwa sauti ya chini, "Hii bado iko na kazi gani?" Daktari anafikiri kidogo, anajibu, "Toa." Kidole kinashuka. "Na hii?" "Toa." Mara nne nilisikia neno hilo. Mume wangu alikuwa amelala pale kati yao, macho yamefumba.

Walipotoka nilimshika muuguzi mkono. "Ule mwanamuke ni nani?"

"Ni docteur wa dawa, maman. Pharmacien. Alikuya juu ya protokoli mupya. Kila asubuhi banapitia dawa moja moja, ile haina tena kazi banaitoa."

"Kwa wagonjwa wote, ao kwa wale banaona hawatapona?"

Alinitazama kama niliyemkosea adabu. "Kwa bote, maman."

Sikumwamini. Katika mji huu kila mtu ana hadithi yake kuhusu dawa. Dawa zinazotoka kwa mlango wa nyuma na kuuzwa njia panda. Vidonge vya chaki. Mgonjwa anayepunguziwa dawa kwa sababu wakubwa wamekwisha kukata tamaa lakini hakuna anayetaka kumwambia mke wake. Tangu barabara zianze kufungwa mara kwa mara, farmasi zenyewe zilikuwa na rafu tupu, na sindano moja ungeitafuta mji mzima. Nilijiuliza swali ambalo mtu yeyote angejiuliza: zile nne alizotolewa, anapewa nani?

Nikakaa kwenye benchi la ukorido, nikazisoma tano zilizobaki. Nilitafuta neno lenye cardi ndani yake. Hakuna. Kulikuwa na jina la dawa ya kutoa maji mwilini, nililifahamu. Kulikuwa na antibiotiki, maana mapafu nayo yalikuwa yameingia ugonjwa. Kulikuwa na ya tumbo, ya damu isigande, na moja iitwayo digoxine. Hiyo ya mwisho niliiwekea alama ya kuuliza pembeni. Niliandika kwa kalamu nyekundu: "Siijui. Hawajaeleza." Kisha chini yake: "Ya moyo haiko. Siku ya nne."

Ningeweza kuuliza. Nimelirudia jambo hilo kichwani mara nyingi sana. Daktari alipita mbele yangu mara mbili asubuhi ile. Lakini mtu akishakuwa na shaka hataki jibu la yule anayemshuku, kwa sababu anajua litakuwa jibu zuri. Anataka kumkamata.

Basi nikaweka mtego. Antibiotiki ile ilikuwa imekwisha hospitalini, na mimi ndiye niliyeinunua nje, boksi mbili za chupa ndogo. Kabla ya kuzikabidhi nilitia nukta nyekundu chini ya kila boksi. Jumapili, baada ya misa, nilipoingia kumlisha, fishi ilikuwa imebaki na dawa nne. Antibiotiki nayo imeondoka. Na juu ya meza ya kitanda cha jirani, mama mmoja wa Mudaka aliyeletwa usiku wa kuamkia siku hiyo akiwa na homa kali, nikaona boksi. Nilijifanya naokota kitambaa kilichoanguka. Nikalitazama kwa chini. Nukta nyekundu ilikuwepo.

Nilikasirika, lakini nikiri pia kwamba nilifurahi. Furaha ya mwalimu aliyeona karatasi imefichwa ndani ya mkono wa shati. Sikumwambia mtu. Niliandika tarehe na saa katika daftari, nikatoka nje, nikasimama mahali ambapo ziwa linaonekana kati ya nyumba, na hapo ndipo nilipofanya uamuzi. Kama wanamtolea dawa zake na kuwapa wengine, basi ile ya moyo wameitoa zamani, na mtu aliyeniambia "hata siku moja" alikuwa ananingoja nitimize neno lake.

Jumatatu asubuhi nilisaga kidonge kwa kijiko nyumbani, nikakitia kwenye uji wa soya ndani ya termosi ndogo, nikafunga.

"Uji uko muchungu," mume wangu akasema. Alikuwa na nafuu. Alikuwa anakaa, anaongea bila oksijeni kwa dakika kadhaa.

"Ni soya," nikamwambia. "Funga macho umeze."

Akafunga macho akameza.

Jumanne vivyo hivyo, na Jumatano. Yule docteur wa dawa nilimwona kila siku. Alitembea na kalkuleta mfukoni na kidaftari kidogo, anainama juu ya wagonjwa, anaandika, anaingia katika ofisi ya daktari, mlango unafungwa. Mara moja nilimfuata mpaka karibu na mlango ule nikasikia sauti yake, "Wauguzi hawapendi, docteur, lakini tukiacha kila mutu aandike vile anapenda, tutaua batu." Nikashika maneno mawili ya mwisho tu. Niliyaandika.

Alhamisi mume wangu alikula vijiko viwili akasukuma bakuli. Ijumaa alitapika. Samaki niliowapika kama anavyowapenda aliwageuzia uso, akasema wananuka, na samaki wenyewe walikuwa wametoka ziwani asubuhi ile. Alikuwa amepiga hatua mbele siku tano, sasa anarudi nyuma mbele ya macho yangu. Nilimwuliza muuguzi wanampa nini. Akasema, "Zile zile nne, maman." Nilitazama fishi. Zile zile nne, na digoxine yangu ya alama ya kuuliza ipo katikati. Nikaizungushia duara. Nilijua sasa ni ipi inayomwua.

Na kwa kuwa nilijua, Jumamosi nilimtilia kidonge kizima na nusu, ili ile nzuri iishinde ile mbaya.

Naandika sentensi hiyo polepole. Nimeiandika kwa sababu nimeahidi nafsi yangu kutoifuta.

Alikula nusu bakuli kwa kunionea huruma. Halafu akatazama miguu yake na kusema, "Juu ya nini batu hawa banatumia mashuka ya manjano?"

Mashuka yalikuwa meupe. Yamefuliwa mpaka yamechakaa, lakini meupe.

"Ni mwanga," nikasema.

"Na wewe uko manjano," akasema, akatabasamu kidogo.

Nikatoka pale nikaenda kwa muuguzi wa zamu, nikamwambia mbele ya watu wote kwamba wanamtilia mume wangu sumu, kwamba ninayo maandishi ya siku kumi na moja, kwamba nataka karatasi ya kumtoa nimpeleke Katana leo leo. Nilipaza sauti. Mlinzi alikuja. Muuguzi, mwanamke mkubwa kama mimi, hakunijibu kwa hasira; alisema tu, "Maman, ngoja. Nitaita docteur wa dawa. Mwambie yeye." Nikasema vizuri sana, huyo ndiye ninayemtaka.

Alikuja akikimbia kidogo, ndara zikipiga sakafu. Nilikuwa nimetayarisha maneno, lakini hakusimama kwangu. Alikwenda kitandani kwanza, akatazama kioo cha mashine, akashika mkono wa mume wangu, akahesabu akitazama saa yake. Akahesabu tena.

"Papa, uko najisikia aje?"

"Vizuri," akajibu mume wangu, ambaye angejibu hivyo hata akiwa anazama. "Ila muniletee shuka nyeupe. Hizi za manjano zinanichosha macho."

Yule mwanamke alisogea karibu na uso wake. Akashika ukosi wa koti lake. "Na hii koti yangu, papa? Unaona rangi gani?"

"Manjano," akasema mume wangu. "Ni muzuri."

Aligeuka akamwambia muuguzi kitu kwa haraka, kwa Kifaransa, na mimi Kifaransa nakielewa. Alisema: mapigo yameshuka, anaona manjano, ni digoxine imezidi, isimamisheni, mwiteni daktari, chukueni damu. Kisha akanigeukia. "Maman, tutoke kidogo inje."

Katika ukorido alisimama karibu nami sana. Kwa mara ya kwanza niliona alikuwa na macho ya mtu asiyelala vya kutosha. "Maman, nakuuliza, sikushitaki. Kipimo chenye tunamupatia ni kidogo. Hakiwezi kumufikisha pale. Kuna kitu ingine uko namupatia? Hata dawa ya kienyeji. Hata kitu kidogo."

"Hapana," nikasema.

"Maman."

"Nimesema hapana. Ninyi ndio mnampa, sasa mnataka kunibebesha mimi."

Alitikisa kichwa taratibu, akarudi ndani. Mlango ukafungwa. Kupitia kioo nikaona daktari amefika, ameinama. Muuguzi anafungua droo. Mtu mwingine anavuta ile mashine ya kuchora moyo. Mume wangu alikuwa akiwatazama kwa zamu kwa adabu yake ile, kama mtu aliyetembelewa na wageni wengi kwa pamoja. Halafu kichwa chake kikalegea upande.

Sijui nilisimama pale muda gani. Najua nilifungua mkoba kabla sijafikiri. Nilisukuma mlango na viatu vyangu vya nje miguuni, nikasema, "Nampa ya moyo. Ile ya nyumbani. Kila asubuhi. Leo moja na nusu."

Daktari aliomba sindano fulani, wakamchoma. Yule docteur wa dawa alinyoosha mkono bila kunitazama usoni, akachukua kopo, akamwaga vidonge kwenye meza ya chuma. Vilikuwa katika vile vipande vya kukatwa, kimoja kimoja, viwili viwili. Akavigeuza upande wa nyuma. Kwa nyuma, chini ya zile herufi kubwa, kulikuwa na maandishi madogo ambayo macho yangu hayakuwahi kuyajali. Kipande kimoja kilikuwa na "digo" halafu mkasi. Kingine mkasi halafu "oxine". Alivisogeza kwa ncha ya kidole mpaka vikagusana.

Nilisoma. Nilikuwa nimeyabeba yale maneno mkobani kwa miaka minne, nikayanakili kutoka kwenye fishi kwa siku kumi na moja kwa mwandiko mzuri, na sikuyakutanisha.

"Ni dawa ile ile," akasema taratibu.

Siku tatu zilizofuata zilikuwa za kungoja. Dawa maalumu ya kuizima digoxine haikupatikana Bukavu. Ilibidi itoke mwilini yenyewe, kwa kasi yake, huku wakiulinda moyo wake usisimame. Walinikataza kumlisha. Nilikaa kwenye benchi. Daktari mkuu alipita akasimama mbele yangu, akasema, "Maman, ulikaribia kumuua mume wako," na nilikuwa nimekwisha kuinamisha kichwa ili nipokee mengine, aliposikika yule mwanamke nyuma yake.

"Docteur, nani alimuuliza?"

"Nini?"

"Siku ya kuingia. Niliangaria dossier. Imeandikwa 'dawa ya moyo'. Hakuna jina. Sisi tulianza digoxine kama vile hajawahi kuinywa. Hakuna mutu alisema: maman, fungua mukoba tuone." Sauti yake ilikuwa ya chini kama siku zote. "Na tulipotoa zile zingine, nani alimueleza juu ya nini?"

Daktari alitazama karatasi aliyoishika, akaondoka.

Ndipo nikamwuliza, maana shaka yangu haikuwa imekufa yote: "Na boksi yangu ya nukta nyekundu?"

Hakujifanya haelewi. Akakaa kwenye benchi. Alinieleza kwamba homa ya mume wangu ilikuwa imekwisha, siku za antibiotiki zilikuwa zimetimia, na kuendelea kumpa kungekuwa kumzoesha wadudu wa chumba kizima dawa ile. Boksi ikabaki. Mama wa Mudaka akaingia akiwa anakufa, na dawa ile haikuwepo mahali pengine. Muuguzi akaichukua.

"Ilibidi tukuombe," akasema. "Ilikuwa yako. Hatukukuomba. Ni makosa."

"Ule mama alipona?"

"Bado iko hai."

Sikujua nifanye nini na jibu hilo. Kama angenidanganya ingekuwa rahisi zaidi.

Siku ya pili usiku mapigo ya mume wangu yalianza kupanda, na asubuhi ya tatu nilimwona kupitia kioo akiwa ameinuliwa mito, anauliza kitu. Muuguzi akaja mlangoni akicheka. "Anasema leo balibadirisha mashuka." Nilikwenda hadi mwisho wa ukorido, nikajifungia katika choo cha wageni, nikalia huko mpaka mtu akagonga.

Kabla hatujaruhusiwa, docteur wa dawa aliniomba mambo mawili. La kwanza, alitaka vile vipande viwili avionyeshe kwa wenzake. Nikampa. La pili, alileta karatasi aliyoiandika yeye: ukurasa wa kuongeza mbele ya kila fishi mpya, wa maswali kwa ndugu wa mgonjwa. "Wewe ni mwalimu," akasema. "Niangarilie Kiswahili."

Swali la kwanza lilisema: "Je, mgonjwa anatumia matibabu yoyote ya muda mrefu?"

Nilichukua kalamu yangu nyekundu. "Nani atakujibu hii?" nikamwambia. "Mutu anakuya hapa amebeba baba yake mugongoni, unamuuliza matibabu ya muda mrefu. Atasema hapana." Tukaandika upya. Ikawa: "Leta dawa zote zilizo nyumbani na ndani ya mkoba. Hata za kukatwa. Hata za majani. Ziweke hapa mezani." Chini yake tukaongeza mstari kwamba kila asubuhi dawa ikitolewa, ndugu wa mgonjwa ataambiwa ni ipi na kwa nini, na kwamba dawa ya mgonjwa mmoja haiendi kwa mwingine bila ruhusa. Mstari huo wa mwisho nilitaka mimi. Alisita, akasema wauguzi watasema tunawashuku. Nikamwambia waache waseme. Akauacha ubaki.

Nilisikia baadaye kwamba wauguzi wawili waliukataa ukurasa ule mwezi mzima, na kwamba daktari mkuu ndiye aliyeamuru utumike. Sijui kama bado unatumika. Mambo ya hospitali zetu hubadilika mtu mmoja akihamishwa.

Mume wangu hakujua kilichotokea. Aliambiwa dawa ilizidi, akasema "aksanti" kama kawaida yake. Nilikaa na siri ile wiki tatu nyumbani. Watoto wetu, walio mbali, waliuliza kwenye simu na mimi nikawajibu juu juu. Hatimaye mchana mmoja, tukiwa barazani baada ya chakula, nilimweleza yote: daftari, nukta, termosi, kidonge na nusu. Sikujipunguzia chochote.

Nilimsikia jirani akitwanga sombe, majani ya muhogo, upande wa pili wa ua.

"Ulifikiri banataka kuniua," akasema.

"Ndiyo."

"Na hukuniuliza mimi."

"Ulikuwa mugonjwa."

"Nilikuwa mugonjwa, lakini nilikuwa pale," akasema, bila hasira, na hilo lilinichoma kuliko kelele yoyote. "Nilikuambia uji uko muchungu."

Hatukuongea tena juu ya jambo lile. Lakini siku iliyofuata alikwenda mwenyewe sokoni, taratibu, akipumzika njiani, na kurudi na pakiti nzima ya vidonge ambayo haijakatwa, pamoja na karatasi yake ya maelezo. Aliitia katika droo ya upande wake. Asubuhi hizi mimi huleta chai tu. Yeye huvaa miwani, hutoa pakiti, huigeuza nyuma, husoma jina lote kwa kunong'ona, herufi kwa herufi, na ndipo humeza. Halafu hunusa chai kabla ya kuinywa. Hanusi kwa kujificha, na mimi sijifanyi sioni.